Mgeni Mwenye Buti za Askari

Musoma,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa Dada Mwajuma,

Shikamoo dada. Naanza kwa kukujulia hali, wewe na shemeji na wote waliomo nyumbani. Ule mguu wa shemeji uliokuwa unavimba umepungua? Na paa la jikoni, mliliezeka kabla ya mvua au bado mnapikia chini ya turubai? Mimi sijambo. Kifua kilinibana wakati wa mvua kwa sababu ya upepo wa ziwani, lakini nilipata dawa na sasa napumua. Nakula vizuri. Sato hapa ni wengi, na furu pia, samaki mdogo mwenye miiba mingi, ambaye nimeshajifunza kumla bila kukabwa.

Kabla sijasahau: barua yako ya mwisho ilinifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa ugali. Ugali wenyewe ulikuwa umekauka pembeni mwa bahasha, nikaukwangua kwa ukucha. Sijui ilifunguliwa huko Tabora, au Mwanza, au hapahapa. Hii yangu naifunga kwa gundi ya viatu.

Umeniuliza kuhusu kilabu. Mtu amekwambia kwamba Rashidi siku hizi anashinda kwenye kilabu cha pombe, na wewe umelia. Nilikaa siku mbili nikikisia ni nani. Kwanza nilimdhania yule dereva wa lori la tumbaku, kisha nikamdhania mpishi wa melini. Halafu nikaacha kukisia, na ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini. Ni kweli nashinda kilabuni, dada. Sinywi. Meza yangu ya kushonea viatu iko nje, chini ya upenu wa kilabu cha Mama Nyabise, na kilabu chenyewe kinatazamana na lango la uwanja wa mpira. Wachezaji wananiletea viatu vyao na mipira ya ngozi iliyofumuka, na wanywaji wananiletea kandambili. Hakuna mahali pengine Musoma ambapo fundi viatu angepata kazi kama hapo. Mama Nyabise ananiwekea togwa kwenye chungu cha peke yake, nami kila siku nainusa kwanza kabla ya kunywa, isije ikawa imechacha. Yeye hucheka, anasema, "Fundi, wewe hata maji ya mvua unayanusaga."

Na si pombe tu inayowaleta watu pale. Wanawake watatu wanapika pombe ya mtama nyuma ya nyumba, kwenye mapipa, na mbele ni michezo toka asubuhi. Kuna mbao mbili za bao, kuna drafti za vizibo vya soda, kuna karata, na ukutani umetundikwa ubao wa vishale ambao umetobolewa mpaka katikati pamebaki tundu. Redio iko juu ya kabati. Siku ya mechi watu wanajaa mpaka barabarani, mmoja anaimba, mwingine anabishana kuhusu penalti, mwingine amesimama juu ya benchi anaeleza lile goli kwa miguu yake mwenyewe. Hata wewe, dada, ungepita pale ungesimama kidogo.

Ninalotaka kukueleza ni jambo ambalo siwezi kumweleza mtu wa hapa, maana wa hapa walinisifu kwa jambo hilohilo.

Kulikuwa na mtu tuliyemwita Chokaa. Alikuwa mtunza uwanja. Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi, kufukuza mbuzi, na kabla ya kila mechi kuchora mistari, ndiyo maana mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwikoni. Mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwepesi wa kucheka. Kwenye drafti hakuna aliyemweza. Lakini ukimwuliza kwao ni wapi, alionyesha kwa kidevu upande wa Bunda na kusema, "Huko juu," na maongezi yakaishia hapo. Kifua kiliponibana ni yeye aliyeniletea uji kila asubuhi, akasimama mlangoni mpaka niumalize. Siku moja tu, akiwa amelewa, aliniambia kwamba ng'ombe wa kijijini Mugeta wana macho kama ya watu. Kesho yake akaja kuniomba nisimwambie mtu kwamba alitaja Mugeta. Sikumwuliza sababu.

Siku hizo mji wote ulikuwa umejaa minong'ono. Ilisemekana kwamba watu wasio na kazi ya kueleweka watakusanywa na kupelekwa vijijini wakalime. Hakuna aliyeiona orodha, lakini kila mtu alikuwa amesikia kwamba ipo. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita na daftari, akaandika, akaondoka bila kusema alichoandika. Pale kilabuni nusu ya wachezaji wa bao hawakuwa na karatasi yoyote ya kazi. Mimi mwenyewe karatasi yangu ni ile ya Tabora, imechakaa hata jina halisomeki. Nikawa najiuliza kama kushona kandambili ni kazi ya kueleweka au la.

Mgeni alikuja Jumanne asubuhi, kilabu kikiwa bado kinafagiliwa. Mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mrefu, amevaa koti la kaki, kofia ameishika mkononi. Unajua mimi sianzi na uso, naanza na miguu. Alivaa buti nyeusi za askari, za ngozi nzito, zenye kipande cha chuma kisiginoni, zimepakwa rangi zikang'aa.

"Habari za kazi, Fundi."

"Nzuri. Karibu."

"Hapa watu wanakujaga wengi?"

"Siku za mechi."

"Wanatoka wapi na wapi?"

"Kila mahali."

Akatazama mlango wa kilabu, akatazama uwanja, akarudisha macho kwangu. "Kuna mtu wa Mugeta kati yao?"

Dada, nilijua. Nilijua kabla hajamaliza kusema. Nikashika sindano yangu nikamwambia, "Mtu wa Mugeta simjui. Hayupo."

Akashukuru, akaingia ndani. Akanunua pombe kidogo, akakaa nayo kwenye kona mpaka magharibi bila kuimaliza. Kila aliyeingia alimgeukia na kumtazama usoni. Nilipoona hivyo nikaenda nyuma kwa Mama Nyabise, aliyekuwa anakoroga pipa.

"Yule mtu wa koti la kaki," nikamwambia, "amevaa viatu vya serikali."

"Una hakika?"

"Mama, kazi yangu ni viatu."

Akaacha kukoroga. Mama Nyabise ni mama wa makamo, mkubwa wa mwili, sijawahi kumwona anaogopa kitu. Siku ile alijifuta mikono kwenye kanga taratibu, kidole baada ya kidole. "Anatafuta nini?"

"Anatafuta mtu wa Mugeta."

Tukatazamana. Hakuna aliyemtaja Chokaa, ila nikaona kwamba naye anajua kwao ni wapi.

Kufikia jioni kilabu kizima kilikuwa kinajua. Ilikuwa ajabu kuwaona. Wachezaji wa bao waliokuwa wanatukanana mchana kutwa sasa walikuwa wanasogeza kete kimya kama wako msikitini. Redio ilifunguliwa sauti ya juu ili mtu asisikie mwenzake anasema nini. Waliokosa karatasi wakaanza kuingilia mlango wa nyuma. Na Mafuru, bingwa wetu wa vishale, mtu mwenye domo kuliko wote, kila mara mgeni alipopita karibu alianza kusifu kilimo cha pamoja kwa sauti, yeye ambaye jembe alilishika mara ya mwisho akiwa kwao. Mgeni akimwuliza mtu anatoka wapi, mmoja anasema Mwanza, mwingine anasema Bukoba. Mkurya mmoja mwenye alama zake usoni akasema yeye ni mtu wa Tanga.

Jumatano alfajiri nilimfuata Chokaa uwanjani. Alikuwa anamwaga maji kwenye mchanga wa golini.

"Kuna mtu anakutafuta," nikamwambia. "Ana buti za askari. Anataja Mugeta."

Ndoo ikamdondoka. "Ni mzee? Ni kijana?"

"Mtu mzima. Mrefu. Ni mtu wa serikali yule, ondoka."

Hakuuliza tena. Aliingia kwenye kibanda chake cha uwanjani, akatoka na kifurushi, akapita nyuma ya kilabu kuongea na Mama Nyabise, na kuanzia hapo sikumwona. Mimi nilirudi kwenye meza yangu nikijiona nimeokoa mtu. Watu walionipita walinigusa bega. Mafuru aliniambia, "Fundi, macho yako yanaonaga mbali." Nilifurahi, dada. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilifurahi.

Mgeni akaendelea kuja, Alhamisi, Ijumaa. Kila siku alionekana amechoka zaidi. Mimi nikalisoma hilo vibaya pia. Nikasema moyoni, anajifanya mnyonge ili tumwonee huruma.

Jumamosi kulikuwa na mechi na timu ya Bunda. Mistari alichora mtu mwingine, ikapinda kama nyoka, na watu wa Bunda walicheka kabla hata mpira haujaanza. Kabla ya kipenga mgeni alikuja kwangu. Buti ya kushoto ilikuwa imeachama soli.

"Nisaidie hii, Fundi. Nasikia mawe."

Akaivua, akakaa kwenye benchi langu, mguu mmoja na buti na mwingine peku. Sikusema naye. Niliiweka kando nikamaliza kwanza kiatu cha mtu mwingine, kisha cha mwingine, makusudi. Nilitaka akae pale nimwone.

Timu yetu ikafungwa. Watu wakatoka uwanjani na hasira zao wakaingia kilabuni, na wa kwanza kumwona mgeni kwenye benchi langu alikuwa Mafuru, ambaye alikuwa ameshakunywa kabla ya mechi.

"Mzee," akasema, "wiki nzima unatuuliza. Leo tutakuuliza sisi. Una karatasi?"

Mgeni akasimama, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya balozi wa kijijini kwao. Mafuru akaisoma kwa sauti, na watu wakanyamaza kumsikiliza. Ilikuwa na maneno machache tu. Ilisema mwenye barua hii ameruhusiwa kusafiri, na kwamba amekuja Musoma kumtafuta mtu.

"Kumtafuta mtu!" Mafuru akarudia, akageuka kuwatazama wote. "Mmesikia wenyewe! Kumtafuta mtu!"

"Nisikilizeni," mgeni akasema, "mimi si—"

Hakumaliza. Mtu alimmwagia pombe kichwani, machicha yakamshuka usoni. Mwingine akaitupa kofia yake barabarani. Wakamsukuma, akaanguka juu ya meza ya drafti, vizibo vikatawanyika, akainuka, wakamsukuma tena. Hawakumpiga ngumi, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini alikuwa mtu mzima, dada, rika la marehemu baba alipotuacha. Aliponipita alinitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na buti yake iko mapajani mwangu. Alisubiri, nadhani, niseme neno moja. Mimi niliinamisha kichwa nikawa natafuta sindano ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Akaenda zake na buti moja, anachechemea kwenye kokoto, watu wanamzomea hadi kwenye kona.

Walipoingia ndani kushangilia nilibaki na ile buti. Nikaona afadhali niishone, angalau hilo. Nikaingiza mkono ndani ili nishike soli kwa chini, na mkono ukagusa kitu laini. Nikakivuta. Ilikuwa pamba. Si pamba ya dukani, ni pamba ya shambani, bado ina mbegu zake, imeshindiliwa kwenye ncha ya kiatu hadi katikati. Nikachukua kipimo. Buti ilikuwa kubwa kuliko ule mguu nilioutazama saa nzima ukiwa peku mbele yangu, kubwa kwa vidole viwili. Askari hupewa buti ya kipimo chake. Huyu alikuwa mkulima wa pamba aliyeazima viatu vya mtu ili asionekane mshamba mjini.

Nilikaa pale na pamba mkononi. Nilitamani kiti changu kinimeze.

Jumapili asubuhi nilitembea hadi mtaa wa Nyakato, hapahapa mjini, kwa sababu muuza vitumbua mmoja aliniambia amemwona mtu wa kuchechemea akiingia huko. Niliuliza nyumba kwa nyumba. Sasa mimi ndiye niliyekuwa naulizia mtu, na watu walinitazama viatu. Mwanamke mmoja alinifungia mlango usoni. Mwishowe nikamkuta mgeni kwenye ua wa nyumba ya jamaa yake wa mbali, ameketi juu ya kinu kilicholazwa, analoweka mguu kwenye karai. Unyayo wake ulikuwa umechanwa na kokoto.

"Nimeleta kiatu chako," nikasema.

Hakunyoosha mkono. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Jana pia ulikuwa mwenyewe?"

Nikaiweka buti chini, nikachuchumaa, nikamwambia ukweli wote: kwamba niliona buti zake nikamdhania mtu wa serikali, kwamba ni mimi niliyewaambia wengine, kwamba nimeona pamba. Alinisikiliza bila kupepesa. Kisha akasema jina lake ni Magesa, na anamtafuta mdogo wake, Wambura.

"Kwa nini hukusema tangu siku ya kwanza kwamba ni mdogo wako?"

Akatazama maji ya karai. "Kwa sababu mimi ndiye nilimfukuza."

Hapo akanieleza. Miaka saba iliyopita ng'ombe sita wa baba yao walipotea zizini. Yeye Magesa alimshuku Wambura, maana Wambura alikuwa anataka kuoa na hakuwa na mahari, na usiku ule hakulala nyumbani. Akamshitaki mbele ya wazee, akawa tayari kumpeleka polisi. Wambura akakimbia, na kukimbia kwake kukawa ndio ushahidi. Baada ya miaka miwili wezi wenyewe walikamatwa kwingine na wakataja zizi lao. Wambura hakuwa na kosa lolote. Tangu hapo Magesa alikuwa anajiambia atamtafuta baada ya mavuno, na mavuno yakapita, na mengine.

"Sasa mama anaumwa," akasema. "Haamki tena. Aliniita akaniambia, wewe uliyemfukuza ndiye umrudishe. Nikasikia kwamba kuna mtu wa kwetu anaonekanaga huku kwenye uwanja. Ningesema mimi ni Magesa, angekimbia tena. Nilitaka nimwone kwanza, nimshike mkono ndipo niongee."

"Umemwacha mama lini?"

"Jumatatu. Alikuwa anaongea."

Na ilikuwa Jumapili, dada.

Nilikwenda kwa Mama Nyabise mbio. Nikamwambia niambie Chokaa yuko wapi, yule mtu ni kaka yake. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni kama hanijui.

"Jumanne ulisema ni serikali. Leo ni kaka yake. Nani kakupa hiyo kazi, Fundi? Wamekuahidi nini?"

"Mama Nyabise, wallahi nilikosea."

"Mtu anayekosea hivyo anakoseaga mara ngapi?"

Ilinibidi nimlete Magesa mwenyewe, kwa mguu wake ule. Alipomweleza habari za mama mgonjwa, Mama Nyabise aligeuka akafunika pipa lake. Kisha akasema, "Yuko Buhare. Kwa shemeji yangu, kwenye shamba la mihogo."

Tulifika Buhare jua likiwa limeanza kupoa. Tulimwona kwa mbali, anapalilia. Naye alituona. Alipomtambua Magesa aliliinua jembe mpaka kifuani, akarudi hatua mbili nyuma. Nikadhani atakimbia, halafu nikadhani atapiga. Magesa alisimama palepale. Akavua buti zote mbili, akaziweka pembeni, akasimama peku kwenye udongo, akaanza kuongea kwa lugha ya kwao.

Sikuelewa neno hata moja. Niliona tu Chokaa anasikiliza huku amekaza taya. Mara moja Chokaa alipiga kelele, Magesa akanyamaza, kisha akaendelea, sauti ya chini. Halafu Chokaa akanigeukia mimi.

"Fundi, wewe ndiye uliniambia nikimbie. Sasa unamleta kwa mkono wako mwenyewe. Huyu alishanisingizia mbele ya wazee mara moja. Anasema mama anakufa. Anasema kweli?"

Aliniuliza mimi. Katika watu wote, mimi.

"Anasema kweli," nikajibu.

"Umejuaje?"

Nilitaka kumweleza habari za pamba na kipimo cha mguu. Nikaona ni upuuzi. "Sijui," nikasema. "Nimemwamini tu."

Alinitazama, akamtazama kaka yake, akalishusha jembe. Hawakukumbatiana wala nini. Chokaa aliingia ndani kuchukua kifurushi chake, na alipotoka aliziokota zile buti akampa Magesa, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, "Vaa, njia ni mbali."

Jumatatu asubuhi wakapanda lori la kwenda Bunda. Toka Bunda walikuwa wapate usafiri mwingine au watembee. Niliwapungia mkono mpaka lori likapotea, nikarudi kazini. Pale kilabuni niliwaambia kwamba yule hakuwa mpelelezi. Mafuru akacheka akasema, "Ndivyo alivyokwambia?" Mpaka leo wapo wanaoamini kwamba Magesa alikuwa mtu wa serikali na kwamba mimi nimenunuliwa. Wengine wakinikuta wanabadilisha maongezi. Nami siwalaumu, mimi ndiye niliyewafundisha.

Wiki tatu zikapita bila habari. Kisha Alhamisi hii, nikiwa napiga gundi kwenye soli, nikaona kivuli mezani. Nikainua macho. Chokaa alikuwa amesimama mbele yangu, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote.

Sikuhitaji kuuliza, ila niliuliza. "Lini?"

"Ijumaa," akasema. "Ijumaa ile, asubuhi. Jumamosi wakazika. Sisi tulifika Jumanne."

Ijumaa ile Magesa alikuwa kwenye kona ya kilabu, anatazama kila aliyeingia. Kwa hiyo hata yeye hakumzika mama yake. Na kama Jumanne ya kwanza ningesema, ndiyo, mtu wa Mugeta yupo, amevuka barabara tu, yuko golini pale, wangefika Jumatano, wakamkuta akiwa bado anaongea.

Nikaweka brashi chini. "Wambura," nikamwita jina lake, mara ya kwanza. "Siku ya kwanza kabisa kaka yako aliniuliza. Nikasema hayupo. Na nilijua."

"Najua," akasema. "Aliniambia njiani."

Nilingoja aseme zaidi. Anitukane, anipige, aseme amenisamehe, chochote. Aliangalia upande wa uwanja, akaniambia kwamba kaka yake ananisalimu na mguu umepona, kisha akavuka barabara. Sijui alimaanisha nini kwa kuniletea salamu hizo, nimezigeuza kichwani siku tatu. Kuna wakati nadhani ni msamaha, kuna wakati nadhani ni adhabu.

Jana ilikuwa mechi. Asubuhi nilimwona yuko peke yake uwanjani na ndoo ya chokaa, anajaribu kunyoosha ile mistari iliyopinda. Alifunga kamba kwenye kijiti upande mmoja, akakimbia upande wa pili kuivuta, kijiti kikang'oka, akarudi kukipigilia, kikang'oka tena. Mvua ilikuwa imelainisha ardhi. Niliacha meza yangu na viatu vya watu, nikavuka barabara, nikaishika kamba ile upande wa kijiti, nikachuchumaa. Yeye alikwenda upande wa pili, akavuta, akaanza kumwaga chokaa kidogokidogo akirudi kinyumenyume kuja nilipo. Tulichora upande mzima wa uwanja bila kusema neno. Tukaenda kwenye kona, tukaanza upande mwingine. Tulipofika katikati akasimama, akatazama mstari kwa jicho moja.

"Kaza kamba, Fundi," akasema. "Imelegea."

Nikaikaza.

Hayo ndiyo ya huku, dada. Nisalimie shemeji na mguu wake, na shangazi anayesuka mikeka, mwambie ule aliofunga kwenye mzigo wangu ndio ninaoswalia. Wasalimie wanao wote, hasa yule mkubwa anayesoma, na umsalimie jirani yetu fundi cherehani kama bado mnasalimiana. Ukiniandikia, niandikie mambo yote, hata yale uliyosikia juu yangu, na uniulize mimi mwenyewe. Nitakujibu.

Ni mimi mdogo wako ninayekukumbuka kila ninapokula,

Rashidi, fundi viatu wa uwanjani